Pete ya Shaba Machoni: Kutoka Siyu Hadi Nairobi

Msafiri atokaye Lamu kwenda Siyu hajichagulii saa ya kuondoka. Saa huchaguliwa na maji. Mlango wa Mkanda, ulio baina ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika vyema maji yakijaa. Yakipwa, chombo hukaa juu ya tope na abiria hukaa juu ya chombo, wakimtazama nahodha kana kwamba ndiye aliyeyanywa maji. Ukishavuka Mkanda unaelekea Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate, na kutoka hapo ni pikipiki au punda katika njia ya mchanga, mpaka ngome ya Siyu ionekane kando ya mkono wa bahari ulioingia mikokoni.

Wengi huenda Siyu kuitazama ngome hiyo. Sisi kila tuendapo huitazama mikono ya watu wake. Siyu ni mji wa kazi za mikono: viatu vya ngozi, mikanda, samani za kuchonga, na katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa pia mji wa kalamu. Waandishi wake walinakili misahafu kwa mkono, wakaipamba kingo kwa wino wa rangi, wakaijalidi kwa ngozi. Baadhi ya misahafu hiyo ingalipo hadi leo. Ndiyo maana katika madrasa za Siyu khati ya mtoto si jambo dogo. Mwalimu huitazama kama mvuvi aitazamavyo wavu wake.

Mwaka jana tulialikwa huko kwa maulidi ya Mfunguo Sita. Baada ya chakula cha mchana, mwalimu mwenzetu aliyetukaribisha alitutolea madaftari mawili ya mwanafunzi mmoja, kijana wa miaka 15. Daftari la kwanza lilikuwa la kupendeza: herufi zimekaa juu ya mstari kama ndege juu ya waya. La pili liliandikwa miezi minane baadaye na mkono uleule. Herufi zilikuwa zimekonda, zimejikunja, nyingine zimepanda juu na nyingine zimeshuka, na alifu, ambayo hata mtoto wa miaka sita huisimamisha, imepinda kama mnazi wa ufuoni. Mwalimu alisema kuwa mwanzo alidhani ni uvivu. Kisha akaona kijana akinyoosha mkono kushika kikombe na mkono ukipiga mbawa kama wa mtu anayepunga wageni. Sauti yake ikawa inazama. Udende ukaanza kumtoka bila yeye kujua. Mara nyingine hucheka pasipo na la kuchekesha, mara hukasirika akatupa kitabu, naye alikuwa mtoto mpole.

Watu walikuwa wamekwisha kutoa hukumu, nazo zilikuwa mbili. Shuleni walisema anavuta unga, kwa sababu pwani yetu imeona vijana wengi wakipepesuka kwa sababu hiyo. Mtaani walisema ana jini. Alikuwa amenyweshwa kombe, akasomewa, akafukizwa; zahanati ikampa dawa ya malaria; na hospitali moja, ambayo hatuitaji, ikamwandikia vidonge vya kuwatuliza wenye wazimu. Vidonge hivyo vilimkaza. Shingo ikapinda upande, mguu wa kulia ukawa unaburura kidole cha gumba.

Tuseme hapa neno letu juu ya kusomewa, kwa kuwa tunajua wasomaji wa ukurasa huu watatuuliza. Kumsomea mgonjwa ni dua, na dua haijapata kumzuia mtu kwenda kwa tabibu. Dini yetu imetuamuru kujitibu. Anayemwambia mama kwamba akimpeleka mtoto hospitali kisomo kitaharibika, huyo anailinda ada yake, hailindi dini.

Aliyefungua njia alikuwa tabibu mmoja kijana katika kliniki ya Lamu, mzaliwa wa bara, ambaye Kiswahili chake kiliwachekesha wanawake waliokuwa foleni. Hakuwa daktari bingwa. Alimwambia kijana anyooshe mikono yote miwili mbele, kisha aguse pua yake. Akamwuliza mama, kwa adabu, kama yeye na mumewe ni jamaa. Mama akajibu kuwa ni watoto wa ndugu wawili. Akauliza kama kuna mtoto wa ukoo aliyewahi kufa akiwa na macho ya manjano na tumbo lililojaa maji. Mama akanyamaza muda, kisha akasema yuko, binti wa shangazi yake, zamani. Tabibu akaandika barua ya mistari minne: apelekwe kwa daktari wa macho mwenye darubini ya taa, atazamwe kioo cha jicho. Mama alidhani hakusikia vizuri. Mtoto anatetemeka mikono, atazamwe macho?

Mwenyezi Mungu amlipe tabibu yule. Kwa barua ile ndipo safari ilipoanza, nasi tulikuwa tunarejea Mombasa, kwa hiyo tukafuatana: mama, mjomba wa kijana, kijana mwenyewe, na sisi.

Anayeijua njia ya Lamu anajua kwamba inaanza kabla ya alfajiri. Unavuka kwa boti hadi Mokowe, unapanda basi, unapita Hindi, unapita Witu, na kila baada ya masafa kuna kizuizi cha usalama ambapo abiria wote hushuka, hupanga safu na kuonyesha vitambulisho. Hatuwalaumu askari, barabara ile imemwaga damu, na kazi yao ni ngumu. Lakini utaratibu ule umewekwa kwa watu wenye miguu mizima. Kijana wetu alishuka akiyumba, udende kidevuni, hana kitambulisho kwa kuwa hajafikisha miaka 18. Askari akamwambia asimame sawasawa. Hakuweza. Akamwuliza amekunywa nini asubuhi yote hiyo.

Mama alisogea mbele akaushusha ushungi kidogo ili asikike. "Mwanangu halewi, afande," alisema. "Ni mgonjwa. Barua ya daktari hii hapa."

Askari akaisoma barua yote minne mistari, akaikunja vizuri zaidi kuliko ilivyokunjwa mwanzo, akamshika kijana mkono akamrudisha ndani ya basi mwenyewe. Kizuizi kilichofuata mama alishuka na barua mkononi tayari. Hadi Garsen alikuwa ameionyesha mara nne.

Mto Tana ulikuwa chini siku hiyo. Unapofurika, barabara hukatika na mabasi hulala upande huu na ule, na mgonjwa wa Lamu hana njia ya kufika Mombasa ila ya angani, ambayo nauli yake si ya mvuvi. Baada ya Garsen nchi huanza kukunjuka. Tukapita Malindi, tukapita Kilifi, na kabla ya magharibi tukavuka daraja la Nyali. Kwa siku nzima kijana alikunywa maji kwa mrija wa plastiki aliopewa na kondakta, maana chupa ilikuwa haifiki mdomoni bila kumwagika.

Kesho yake daktari wa macho alimkalisha mbele ya chombo chake, akamwegemeza kidevu, akazima taa ya chumba na kuelekeza mwali mwembamba wa mwanga upande wa kioo cha jicho. Alitazama jicho la kulia, akahamia la kushoto, akarudi la kulia. Kisha akatuita mmoja mmoja tuchungulie. Ukingoni mwa kile kioo, pale kinapokutana na weupe, palikuwa na ukanda wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na dhahabu na kijani kibichi, umezunguka jicho kama pete. Ni rangi ambayo sisi watu wa pwani tunaijua: rangi ya mdila wa kahawa uliosahauliwa kwenye unyevu.

Hiyo ilikuwa shaba. Shaba yenyewe, si mfano wa maneno.

Pete hiyo inaitwa kwa majina ya madaktari wawili wa Kijerumani, Kayser na Fleischer, walioieleza mwaka 1902 na 1903. Ugonjwa wenyewe unaitwa ugonjwa wa Wilson, kwa jina la Samuel Kinnier Wilson, daktari aliyefanya kazi London na kuuandika kwa urefu mwaka 1912. Maelezo tuliyopewa, nayo tunayafikisha kama tulivyoyaelewa, ni haya. Kila siku tunakula shaba kidogo ndani ya chakula, na mwili unaihitaji kidogo. Inayozidi, ini huitoa kwa njia ya nyongo. Kwa mwenye ugonjwa huu mlango huo wa kutokea ni mbovu tangu kuzaliwa. Shaba hujikusanya katika ini miaka na miaka, ini likijaa humwaga katika damu, na damu huipeleka katika ubongo, hasa zile sehemu za ndani zinazoratibu mwendo wa viungo, na katika macho. Aghalabu dalili huonekana baina ya miaka 5 na 35. Wengine huanza kwa ini, macho yakawa manjano na tumbo likajaa. Wengine kwa mikono, ulimi na mwendo. Wengine kwa tabia na akili, na hao ndio hupelekwa kwa waganga kwanza. Ukiachwa, unaua. Ukitibiwa mapema, mtu huishi maisha ya kawaida, huoa na huzaa.

Tulihesabu hivi usiku huo. Hesabu inayotajwa sana ni mtu 1 katika kila 30,000. Sensa ya mwaka 2019 iliikuta Lamu na watu zaidi ya 143,000, na Mombasa na milioni 1.2. Kwa hesabu ya juujuu, basi, wangekuwako wanne au watano Lamu na arobaini Mombasa. Katika umri wetu wote, na katika majanaza yote tuliyoyasalia, hatujapata kulisikia jina la ugonjwa huu msikitini, wala barazani, wala katika risala ya mchango. Wako wapi watu hao? Tunaogopa kuwa tunawajua. Ni yule kijana wa nyuma ya nyumba ya fulani ambaye mguu wake umefungwa kamba ili asitoke. Ni yule msichana aliyeachwa mwaka wa kwanza wa ndoa kwa kuwa mikono yake inamwaga chai.

Pete ya jicho ni ushahidi mkubwa, lakini madaktari walitaka ushahidi wa pili na wa tatu. Damu ipimwe seruloplasmini, ambayo ni protini inayobeba shaba. Na mkojo wa saa 24 ukusanywe wote, pasipokosekana hata tone, upimwe una shaba kiasi gani. Damu ilitolewa Mombasa ikatumwa Nairobi. Mkojo ulikusanywa katika nyumba ya jamaa zetu Kibokoni, ghorofa ya pili, ndani ya dumu la plastiki lililotolewa na maabara, kwa kuwa chombo cha madini kingeharibu hesabu. Bibi wa nyumba, mwanamke wa taharuki na wa tahara, alitujia akinong'ona: dumu lile litakaa humu ndani mpaka kesho adhuhuri, na sala je? Tulimjibu kuwa dumu lililofungwa kifuniko haliinajisi nyumba, na kwamba kumhudumia mgonjwa ni ibada. Alikubali, ila dumu alilihamishia barazani na kulifunika kwa ungo wa biriani.

Majibu yalichukua siku kumi na moja. Siku kumi na moja za mvuvi aliyebaki Siyu bila mke, na za mjomba aliyefunga duka lake. Mgonjwa wa mji mkubwa husubiri majibu akiwa nyumbani kwake. Wa kisiwani husubiri akiwa mgeni, na ugeni una gharama hata unapokaa kwa jamaa. Jambo hili halimo katika bei ya kipimo, wala bima yoyote hailiandiki.

Majibu yalipothibitisha, daktari wa Mombasa alisema kwa uwazi kuwa mgonjwa aanzishwe dawa chini ya macho ya daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, na akatuelekeza Nairobi. Ni ukweli unaojulikana kuwa madaktari wa fani hiyo nchini ni wachache, na walio wengi wapo mji mkuu. Tukapanda treni Miritini. Kijana hakuwa amewahi kuona treni wala ndovu, na kupita Tsavo aliviona vyote viwili kwa siku moja. Alijaribu kutuonyesha kwa kidole, kidole kikaenda kila upande, mjomba akasema, "Nimewaona, baba, nimewaona," ingawa alikuwa akitazama upande mwingine.

Daktari wa Nairobi alikuwa mwanamke wa makamo, asiye na haraka. Alizungumza na kijana mwenyewe, si na sisi. Alimwambia: hujalogwa, hukuvuta kitu, wala si kosa la mama yako. Kijana alilia, na kwa sababu misuli ya uso wake ilikuwa haimtii, kilio kilitoka kama kicheko. Daktari akangoja mpaka kikaisha.

Dawa zenyewe si siri mpya. Ile inayoitwa penisilamini, ambayo huikamata shaba mwilini na kuitoa kwa mkojo, ilianza kutumiwa kwa ugonjwa huu na daktari Mwingereza, John Walshe, mwaka 1956. Ina umri mkubwa kuliko sisi tuandikao. Nyingine ni zinki, ambayo huizuia shaba isipite utumboni. Ni madini yaleyale ambayo zahanati zetu humpa mtoto anayeharisha pamoja na maji ya chumvi na sukari, ila kwa kipimo na kwa utaratibu mwingine kabisa, na mtu asithubutu kujipimia. Kwa kijana alianza penisilamini kidogo kidogo, kwa maana wagonjwa wengine walioguswa ubongo hutetemeka zaidi mwanzoni dawa ikitolewa kwa pupa. Akampa na orodha ya vyakula vya kuepuka: maini, kamba, kaa, chaza, korosho, njugu, chokoleti. Mama alipoisikia akashika shavu. Mtoto wa kisiwa cha Pate anakatazwa kamba na kaa! Samaki je? Samaki halali, akasema daktari, na mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Maji asihifadhiwe katika chombo cha shaba. Na dawa, hili alilirudia mara tatu, isikatishwe ghafla hata akijiona amepona. Ni ya maisha.

Basi tukatoka na karatasi ya dawa tukidhani kazi imekwisha. Duka la kwanza halikuwa nayo. La pili lilikuwa halijapata kuisikia. La tatu lilisema linaweza kuiagiza kama tutalipa kwanza na kusubiri. La nne, karibu na hospitali kubwa, lilikuwa na kopo moja, na bei ya kopo hilo ilizidi mapato ya mwezi ya baba yake kijana. Bima ya serikali mama alikuwa amejiandikisha. Lakini bima haiwezi kulipia kisichokuwapo rafuni. Wala si nchi yetu peke yake yenye mtihani huu. Marekani, vidonge 100 vya Syprine, dawa nyingine ya ugonjwa huuhuu, vilikuwa dola 652 mwaka 2010, na kufikia 2015 kampuni iliyokuwa ikivimiliki ilikuwa imevipandisha hadi dola 21,267. Kitu ambacho wachache wanakihitaji ni rahisi kwa wauzaji kukifanyia watakavyo, kwa kukiuza ghali au kwa kutokiuza kabisa.

Tuna neno la kuwaambia ndugu zetu wa kamati za misikiti, nalo si la kulaumu. Sisi watu wa pwani ni hodari wa mchango. Akitokea mgonjwa wa kupelekwa India, kwa usiku mmoja baada ya isha zinapatikana nauli mbili na pesa za upasuaji. Tumeshuhudia na tumeshiriki. Lakini mgonjwa huyu hana safari ya India wala upasuaji. Ana vidonge vya mwezi huu, na vya mwezi ujao, na vya mwezi utakaofuata baada ya hapo, mpaka mwisho wa uhai wake. Mchango wa usiku mmoja haumfai. Kinachomfaa ni kitu kama wakfu: chumba kimoja cha duka kilichopangishwa, kodi yake ikaelekezwa kwa dawa za wagonjwa wa aina hii. Wazee wetu waliweka wakfu kwa mafuta ya taa za misikiti na kwa maji ya birika. Walielewa kuwa taa haiwashwi mara moja.

Kabla hatujaondoka Nairobi, daktari aliuliza swali ambalo sisi hatukulitarajia: kijana ana ndugu wangapi? Mama akasema wanne. Walio wazima? Wote wazima. "Nataka wote wanne wapimwe," akasema, "hasa kwa kuwa ni wazima."

Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Jeni ya ugonjwa huu, iliyotambuliwa mwaka 1993, inaitwa ATP7B. Mwenye nakala moja mbovu haumwi maisha yake yote. Ni mbebaji, wala hajijui. Wakioana wabebaji wawili, kila mtoto wao ana fungu moja katika manne la kurithi nakala zote mbili mbovu. Watoto wa ukoo mmoja wakioana, uwezekano wa wote wawili kubeba kasoro ileile huongezeka, kwa sababu babu yao ni mmoja. Sheria imewahalalishia kuoana, na sisi hatuharimishi alichohalalisha Mungu. Lakini halali si wajibu. Ukoo uliokwisha kuona ugonjwa kama huu ukiendelea kufunga ndoa za ndani kwa ndani, kizazi baada ya kizazi, kwa kuogopa shamba lisitoke nje, unapaswa kukaa na daktari kabla ya kukaa na mshenga.

Tuliporudi Siyu, baba alitusikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akatuchukua kando. Binti yake mkubwa alikuwa ameposwa, na nikaha ilikuwa imewekwa mwezi wa Rajabu.

"Mwalimu," akasema, "nyumba ikijulikana ina ugonjwa wa damu, haiposwi tena. Nina mabinti wawili. Wapimwe, kisha nikae nao?"

Hakuwa mtu mkatili wala mjinga. Alikuwa anapima hasara mbili, na moja aliiona kwa macho ilhali nyingine ilikuwa maneno ya daktari wa Nairobi. Tulimwambia kuwa kuficha hakuondoi shaba. Mke wake hakusema neno mbele yetu, lakini kesho yake alfajiri, maji yalipojaa, alikuwa gatini na wale watoto wawili wadogo, binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka 6, na kikapu cha chakula. Baba alifika nyuma yake akiwa amebeba mkeka. Hatukuuliza walizungumza nini usiku.

Mvulana alikuwa salama. Msichana, ambaye mikono yake haijapata kutetemeka hata siku moja, na ambaye kati ya watoto wote ndiye mwepesi wa kukimbia, alikutwa na seruloplasmini ya chini na shaba nyingi katika mkojo. Jicho lake lilikuwa bado safi. Daktari alisema shaba ingali ini tu, haijapanda. Ameanzishwa zinki, na kwa idhini ya Mungu, akiimeza kila siku, haitapanda. Kaka mkubwa alipimwa Malindi afanyako kazi, akawa salama. Dada aliyeposwa alikataa kupimwa mpaka mchumba ajulishwe kwanza, nalo lilikuwa neno la ujasiri kuliko la sisi watu wazima wote. Mjomba akaenda kulifikisha. Wakwe walinyamaza wiki mbili, tukadhani yamekwisha. Kisha mchumba mwenyewe akapiga simu, akauliza maabara iko mtaa gani ili ampeleke. Alikuwa mzima, na nikaha ikafungwa Rajabu kama ilivyopangwa. Maharimu wa bwana harusi wawili hawakuhudhuria. Tunaliandika hili kwa kuwa lilitokea.

Kijana ana miezi kumi sasa na dawa. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa mibaya, na watu walianza tena kunong'ona habari za jini. Mwezi wa nne udende ulikoma. Mwezi wa sita shingo ilinyooka. Maneno yake yanasikika, ingawa husema polepole kama mtu anayevuka tope. Mguu bado unaburura, na daktari hakutuahidi kuwa utaacha: kilichokwisha kuharibika ubongoni hakirudi chote. Lau angefika mwaka mmoja mapema, alisema, angerudisha zaidi. Mwaka huo alikuwa akisomewa, akituhumiwa unga, na akimeza vidonge vya kumkaza.

Dawa huletwa hivi. Duka la Nairobi huiagiza. Jamaa mmoja huichukua na kuileta Mombasa kwa treni. Karani wa basi la Lamu huipokea na kuiandika kwa jina la mjomba. Mokowe huchukuliwa na nahodha wa boti, na Lamu huhamishwa chombo cha Mtangawanda. Watu watano, na hakuna anayelipwa. Imechelewa mara mbili. Mara moja kizuizi kiliifungua pakiti na kuiuliza ni dawa gani. Tangu hapo daktari huambatisha barua. Mara ya pili ilikuwa kusi limechachamaa na vyombo havikuondoka siku tatu. Mama alikuwa amebakiwa na vidonge vya siku mbili. Sasa ana kopo la akiba ambalo haligusi, amelifungia ndani ya kasha pamoja na hati za nyumba, na ukutani amebandika kalenda yenye safu mbili kwa mkono wake mwenyewe: ya vidonge vilivyobaki, na ya maji ya bamvua na maji mafu.

Pakiti ya mwezi huu imetoka Mombasa Jumatatu. Tumepigiwa simu kuwa imefika Mokowe. Maji ya Mkanda yatajaa Jumatano alasiri.